Yesu Alikunywa Divai, Sawa. Sasa Mpeni Brathe Yangu Juisi

Wasee, hii nitaiandika mara moja tu, na najua nitaudhi pande zote mbili. Sawa. Pande zote mbili zimeniudhi kwanza.

Jumapili ya Pasaka tulikuwa kanisani, safu ya nne kutoka mbele: mathe, mimi, na brathe yangu mkubwa. Siku hiyo brathe alikuwa na siku 131 bila pombe. Najua hesabu juu iko kwa kalenda ya jikoni, ile tulipewa na duka la mabati, na kila asubuhi yeye huchora mstari kabla hajamimina chai. Kabla ya hizo siku 131 kulikuwa na miaka sita ambayo sitaisimulia hapa. Itoshe kusema kuna usiku mathe alimtafuta mtaani saa tisa akiwa na leso na slipa moja, akampata kwa mtaro. Alipotoka rihabu, kitu cha kwanza aliomba hakikuwa simu yake. Aliomba kurudi kanisani.

Kanisa letu silitaji, na wale mnalijua pia msilitaje. Ni kanisa la divai. Divai ya ukweli, kikombe kimoja cha rangi ya fedha, mnapiga magoti kwenye reli, kasisi anapita nacho, anapangusa mdomo wa kikombe na kitambaa cheupe, anakizungusha kidogo, anaenda kwa anayefuata. Nimekulia hapo. Nilipata kipaimara hapo, na siku ya kwanza kuonja ile divai nilifikiri nimepewa dawa ya kikohozi.

Sasa skizeni. Daktari alikuwa amempa brathe dawa inaitwa disulfiramu. Kazi yake ni rahisi kueleza: ukiimeza halafu ukunywe pombe, mwili wako wenyewe unakuadhibu. Uso unawaka, moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, unatapika. Na haihitaji chupa nzima. Hospitalini wanakuonya hata kuhusu dawa ya kikohozi yenye pombe na ile maji ya kusukutua mdomo. Brathe hakuficha. Wiki moja kabla ya Pasaka alienda ofisini kwa kasisi, akaeleza kila kitu. Kasisi akamwambia asijali, apokee mkate tu, kikombe kikifika avuke mikono kifuani.

Pasaka kanisa linajaa, kwa hivyo vikombe vilikuwa viwili. Upande wetu aliyebeba kikombe hakuwa kasisi. Alikuwa mzee mmoja msaidizi, na hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Akafika kwa brathe. Brathe akavuka mikono. Mzee akakisogeza kikombe. Brathe akatingisha kichwa. Mzee akainama, na kwa ile sauti wazee wa kanisa hudhani ni ya kunong'ona, akauliza: "Kijana, kwani uko na dhambi gani hujatubu?"

Reli nzima ilisikia. Kwaya ilisikia.

Brathe akakunywa. Alikunywa ndio watu waache kumwangalia. Dakika ishirini baadaye alikuwa nyuma ya tangi la maji, amepiga magoti mara ya pili siku hiyo hiyo, anatapika, uso mwekundu kama amechomwa na jua. Tulimpeleka kliniki, wakamlaza mpaka saa kumi jioni.

Lakini hiyo bado si ndiyo ilinifanya niandike.

Jioni familia ikaja nyumbani, venye familia huja. Anti yangu anaabudu kanisa la juisi, moja ya haya makanisa makubwa yenye viti vya plastiki na taa za bluu. Anko ni wa divai, tena wa divai sugu. Anti akaanza: ndio maana sisi hatuweki pombe madhabahuni, Yesu hakuwahi kugusa pombe. Anko akajibu kwamba hiyo juisi yao ya kuchanganya na maji ni matusi kwa Mwokozi. Wakaendelea. Aya kwa aya, chapati kwa chapati, masaa mawili. Brathe alikuwa chumba cha pili, mlango haujafungwa. Masaa mawili mazima, na hakuna mtu mmoja aliyeinuka kumuuliza kama amekula.

Kwa hivyo leo ni zamu yangu.

Nitaanza na timu juisi, juu nyinyi ndio mmeshaanza kufikiri niko upande wenu. Anti, na wote mnaofikiri kama yeye: Yesu alikunywa divai. Tuache michezo. Pasaka ya Wayahudi huwa mwezi wa tatu au wa nne. Zabibu kule Palestina huvunwa mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa nane, wa tisa. Hesabu miezi hapo katikati. Hakukuwa na friji. Ganda la zabibu lenyewe hubeba chachu, kwa hivyo ukikamua ile juisi na kuiacha kwenye mtungi, siku chache tu inaanza kutoa mapovu yenyewe, hujaiongeza kitu. Yeyote ambaye shosho yake amewahi kutengeneza muratina anaelewa hii bila kuenda chuo. Najua mtu atasema zabibu kavu zinaweza kuloekwa zikatoa maji matamu. Ni kweli, zinaweza. Pia ni kweli kwamba hadithi za ile karamu ya mwisho hazitumii neno divai kabisa, zinataja kikombe na tunda la mzabibu. Hapo nawapa pointi nusu.

Lakini soma barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11. Analalamika kwamba kwenye meza ya Bwana huko Korintho kuna wanaobaki na njaa na kuna wanaolewa. Wanaolewa! Buda, hakuna msee kwa historia ya dunia amewahi kulewa juisi. Na Yesu mwenyewe, wapinzani wake walimwita mlafi na mlevi. Walikuwa wanamsingizia, lakini hata uongo lazima ushike mahali. Huwezi kumwita mtu mlevi kwa sababu ameonekana na glasi ya juisi.

Kwa hivyo hii juisi ilitoka wapi? Hii story naipenda sana. Ilitoka kwa daktari wa meno. Thomas Welch, Mmethodisti, aliishi mji mdogo unaitwa Vineland, jimbo la New Jersey huko Marekani. Mwaka wa 1869 alichukua wazo la yule Mfaransa Louis Pasteur, kwamba ukipasha kinywaji joto unaua vile vidudu vinavyokichachusha. Akakamua zabibu, akachuja, akajaza chupa, akazifunga, akazitia kwenye maji ya moto. Juisi ikakaa bila kuwa divai. Akaiita divai isiyochachuka na kuanza kuiuzia makanisa. Makanisa mengi mwanzoni hayakutaka, mzee akarudi kwa meno yake. Mtoto wake Charles ndiye alikuja kuifanya biashara kubwa.

Elewa maana yake. Juisi ya meza ya Bwana, ile unaambiwa ndiyo ya asili, ina miaka 150 na kitu. John Wesley, aliyeanzisha Wamethodisti wenyewe, alifariki 1791, miaka 78 kabla ya hiyo chupa ya kwanza. Huyo alitumia divai maisha yake yote. Kabla ya Welch, kwa miaka kama 1,800, hakukuwa na kubishana sana, juu hakukuwa na njia rahisi ya kuweka juisi mwaka mzima.

Sasa, Welch alifanya vile kwa nini? Kwa sababu Marekani ya wakati huo pombe ilikuwa inamaliza familia, na vuguvugu la kuipinga lilikuwa limejaa makanisani. Watu waliona waume zao, kaka zao, wakirudi kwa mtaro. Wakauliza: tutamwambia aache pombe Jumatatu mpaka Jumamosi, halafu Jumapili tumpe sisi wenyewe? Hilo swali nalielewa hadi mifupani. Ni sababu nzuri kuliko zote za kuweka juisi. Anti, mngesema hiyo tu! Semeni: Yesu alikunywa divai, sisi tumebadilisha kwa ajili ya ndugu zetu. Hakuna mtu angewashinda hapo. Badala yake mnatunga Yesu ambaye hajawahi kuonja, mnageuza pombe kuwa pepo, na mtu kama brathe akiingia kwenu anaombewa mbele ya watu wote pepo la ulevi limtoke, na akitaja dawa anaulizwa imani yake iko wapi. Alijaribu kanisa lenu mara mbili mwezi wa tatu. Usidhani hakujaribu.

Na hiyo juisi yenyewe, tuongee ukweli. Nimesoma kibandiko cha ile chupa kwa jikoni ya kanisa la anti. Maji, sukari, rangi ya zambarau, ladha. Zabibu haikupita hapo hata kusalimia. Halafu mnawaambia watu wa divai kwamba hawafuati Biblia. Sisemi hivi kuwacheka. 2020 wakati wa korona, makanisa yamefungwa, tulishiriki meza ya Bwana sebuleni tukiangalia simu, mathe akitumia chai ya rangi, jirani soda na mandazi. Sina neno na chai ya mathe. Nina neno na mtu anayeweka soda kwenye kikombe chake halafu anapima kikombe cha mwenzake.

Haya. Timu divai, mmefurahia sana hapo juu. Rudini mkae.

Anko, hoja yako ni moja: Yesu alisema tufanye hivi, na alichofanya ni divai, basi. Sawa, tuangalie "hivi". Alifanya usiku, wewe unafanya saa tatu asubuhi. Alifanya chumba cha juu wakiwa wameegemea mezani, wewe umepiga magoti kwenye reli. Mkate wake ulikuwa wa Pasaka usiotiwa chachu, wako ni kile kipande cheupe kama karatasi kinachoshika kwa paa ya mdomo. Divai yake ilitoka shamba la hapo karibu, yako imekuja kwa meli. Mmebadilisha saa, mmebadilisha chumba, mkao, mkate na lugha. Kitu kimoja tu ndicho mmekataa kuguswa, na kwa bahati mbaya ndicho kilichomlaza brathe yangu kwa kliniki.

Usiniambie pia kwamba damu ya Kristo haiwezi kumdhuru mtu. Mzee mmoja aliniambia hivyo Jumatatu, na uso mkavu. Ini halina dini, mzee. Unaweza kuamini yote kuhusu kile kikombe, na mimi naamini mengi, lakini pombe iliyomo bado ni pombe na disulfiramu bado ni disulfiramu.

Na kama ni kushika sheria, hakuna nyumba kali kuliko Wakatoliki. Kanuni yao ya 924 inasema wazi lazima iwe divai asilia ya zabibu, isiyoharibika. Hakuna mzaha. Lakini hata hapo kuna mlango. Barua ya mwaka 2003 kutoka ofisi iliyokuwa chini ya Kardinali Ratzinger, yule aliyekuja kuwa Papa Benedict wa 16, inasema askofu anaweza kumruhusu padre, na hata mlei, atumie kitu kinaitwa mustum: juisi ya zabibu iliyozuiliwa isichachuke lakini ikabaki zabibu ya kweli. Tena Mkatoliki wa kawaida hapa Kenya kwa parokia nyingi hupokea mwili tu, na wanafundishwa kwamba Kristo yupo mzima hata kwenye kipande kile. Kwa hivyo mraibu wa pombe akipanga foleni kwao hakuna anayemjua. Anapokea sawa na wote, anarudi kwa benchi.

Upande wa Waanglikana, maaskofu wao walikutana Lambeth, London, mwaka wa 1888, wakasema juisi isiyochachuka haina mfano kwa Bwana na ni kuacha desturi bila idhini. Yaani miaka 19 tu baada ya zile chupa za Welch, tayari ilikuwa vita. Anko hupenda sana kutaja 1888. Namheshimu, lakini anko, mwaka huo hakukuwa hata na reli ya kutoka Mombasa.

Halafu kuna hii ya kwetu, ambayo inaniuma kuliko zote. Shosho yangu, mama ya mathe, alizuiwa meza ya Bwana miaka miwili. Kosa lake? Alipika muratina ya ruracio ya binti yake. Muratina, asali na lile tunda la mti wa muratina, kinywaji ambacho wazee walitumia kubariki ndoa na kumaliza ugomvi. Hiyo ikaitwa ya shetani. Na kikombe alichonyimwa kwa ajili hiyo kilikuwa na nini ndani? Pombe! Ya zabibu, ya chupa, ya ng'ambo. Niliposikia hii story nikiwa kidato cha pili nilicheka. Sai sicheki. Kanisa lilijua vizuri sana kumtenga mtu kwa sababu ya pombe. Leo likaombwa kumkaribisha mtu kwa sababu ya pombe, ghafla mikono imefungwa na desturi.

Kuna msee atasema: si brathe yako achukue mkate tu, kwani iko nini? Kiteolojia, sawa, anatosheka. Lakini hiyo inafanya kazi pale wote wanachukua mkate tu. Mahali ambapo kila mtu anakunywa, yule asiyekunywa amebeba bango. Anaulizwa. Anakisiwa. Akiwa msichana, wanahesabu miezi. Akiwa brathe yangu, wanauliza dhambi.

Na wengine mtasema nalia sana juu ya tone moja, kikombe chenyewe ni ishara tu. Hapo nakataa kabisa. Miaka ya 50, wakati wa vita vya Mau Mau huko Mkoa wa Kati, kuna Wakristo wa uamsho waliokataa kula kiapo. Sababu waliyotoa ni kwamba wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengine waliuawa kwa jibu hilo. Uwe upande gani wa ile historia, na kwetu familia moja ilikuwa pande zote mbili, huwezi kusema hao watu walikufa kwa ajili ya ishara tu. Kikombe ni kizito. Ndio maana kumfungia mtu kikombe ni jambo zito, na kumlazimishia pia.

Kuna makanisa yaliamua kuachana na hii kesi kabisa. Marafiki, wale tunaita Quakers, wako Kaimosi tangu 1902, na Kenya ndiyo nchi yenye wengi wao kuliko nchi yoyote duniani. Hawana mkate, hawana kikombe, wanakaa kimya au wanaimba na wanasema ushirika ni wa moyoni. Jeshi la Wokovu waliacha meza mwaka wa 1883, na moja ya sababu ni kwamba kumbi zao zilikuwa zimejaa watu waliotoka kwa ulevi, na hawakutaka kuwapitishia divai puani. Sisemi tuwafuate. Mimi ningeumia bila ile meza. Ninachosema ni hiki: jeshi zima liliweza kuweka chini sakramenti nzima kwa ajili ya watu kama brathe, na nyinyi mnashindwa kununua chupa moja ya juisi?

Paulo tena, barua kwa Warumi, sura ya 14. Anasema afadhali usile nyama wala usinywe divai kama itamkwaza ndugu yako. Angalia vizuri: hasemi divai ni mbaya. Hasemi pia una haki yako endelea tu. Anaanza na ndugu. Hata kule Korintho, kilichomkasirisha ni watu kula karamu yao huku wenzao wameketi hapo hapo na njaa. Angekuja kwetu ile Pasaka, sidhani angeuliza kwanza chupa imeandikwa nini.

Na msidhani namwongelea mtu mmoja. Kuna ripoti ya NACADA ya utafiti wa mwaka wa 2022: Wakenya wa miaka 15 hadi 65, mmoja kati ya kila 20 ni mraibu wa pombe. Angalieni safu zenu Jumapili. Ile safu ya vijana karibu na spika, ile ya wababa wanaofika wakati wa mahubiri. Wako hapo. Wengine wanajificha chooni wakati wa meza, nimeanza kuwaona sasa kwa sababu najua cha kutafuta. Wengine wanakunywa hilo tone na Jumapili jioni hawako nyumbani.

Ninachotaka hakihitaji sinodi. Kwa makanisa ya divai: wekeni na juisi. Juisi ya zabibu, si rangi. Vikombe vidogo, trei moja, divai upande huu, juisi upande ule, kila mtu anachukua bila kutangaza. Kisiitwe kikombe cha wagonjwa. Na kasisi akishindwa kukaa bila kikombe kile kikubwa, abaki nacho, lakini aanze yeye mwenyewe siku moja moja kuchukua kile cha juisi, mbele ya watu wote, ndio mtu yeyote akikichukua asionekane. Kwa makanisa ya juisi: endeleeni, lakini semeni ukweli kuhusu Yesu, na mkome kumwombea mtu atolewe pepo wakati anahitaji kliniki. Anko anasema kikombe kikiwa zaidi ya kimoja umoja unavunjika. Anko, ile Pasaka vilikuwa viwili na hukusema kitu.

Kasisi alikuja nyumbani Jumanne. Nampa heshima yake. Alikaa kwa kile kiti kibovu, akaomba radhi bila kuzungusha, halafu akamuuliza brathe yeye angependa nini. Ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza. Brathe akafikiria, akasema, "Ningependa nipige magoti kama watu wengine na hakuna mtu ajue." Kasisi akasema atalipeleka kwa baraza la kanisa. Baraza limeunda kamati. Mnajua kamati.

Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya Pasaka, nilimkuta brathe jikoni amesimama mbele ya kalenda na biro mkononi. Akaniuliza, "Sasa hii ni 132 ama ni moja?" Sikujua nimjibu aje. Nikapigia mshauri wake wa rihabu, akasema aendelee na hesabu yake, ile haikuwa kuanguka. Brathe akasikiza, akashukuru, akaweka biro chini. Kile kisanduku cha Jumapili bado kiko wazi mpaka leo. Vya baada yake amevichora vyote.

Meza ya Bwana ijayo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimenunua juisi ya zabibu mwenyewe, nimesoma kibandiko mara tatu, iko kwa friji nyuma ya maziwa. Kamati ikiwa bado haijaketi, nitaingia nayo kwa begi, na nitapiga magoti kando yake.